Kabla Hujafunga Safari ya Nyarugusu

Kila likizo ya shule inapokaribia, vikundi vya vijana katika makanisa yetu huanza kujadiliana waende wapi kuhudumu, na jina la Kigoma hutajwa sana siku hizi. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ina makumi ya maelfu ya watoto. Basi watu huchanga nguo, hununua pipi kwa katoni, huchapisha fulana za rangi moja zenye jina la huduma mgongoni. Mambo yakishaiva ndipo mmoja huuliza kama kuna anayemfahamu mtu yeyote kule. Swali hilo ndilo lililopaswa kutangulia.

Nawaandikia wanaotaka kwenda, na pia wale ambao wakimaliza kusoma wataona heri wabaki nyumbani na nauli yao waitume. Uamuzi huo wa pili hauna aibu yoyote. Mara nyingi ndio unaomfaa mtoto zaidi.

Jambo la kulielewa kwanza ni kwamba kanisa kambini lipo, na lina umri mkubwa kuliko huduma nyingi za mjini. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996, vita vya Kongo vilipowasukuma watu wa Kivu Kusini, hasa wa Fizi na Uvira, kuvuka Ziwa Tanganyika na kuingia Kigoma. Wachungaji walivuka pamoja na waumini wao, na wazee wa kanisa, na walimu wa kwaya. Ukipita kambini Jumapili asubuhi utasikia ngoma na magita kila upande: Wapentekoste, Wamethodisti Huru, Waanglikana, Wakatoliki, Wasabato, na makanisa madogo ambayo hata majirani zake hawajui yalitengana kwa sababu gani. Watoto nao wana darasa lao. Kwa Wakongo wengi linaitwa ekodimu, na mwalimu wake ni mkimbizi kama wao: pengine mama wa makamo, pengine kijana aliyemaliza sekondari hapo hapo kambini na hana pa kwenda na cheti chake. Mwalimu huyo ndiye anayejua kwamba fulani hajaja kwa kuwa amepanga ndoo bombani, fulani mama yake amelazwa, na fulani na fulani hawakai mkeka mmoja kwa kuwa wazazi wao hawasalimiani. Wewe utakaa siku tatu na hutajua hata moja kati ya hayo.

Kwa hiyo kazi ya mgeni ni kumshika mkono mwalimu huyu. Ukimruka ukaenda moja kwa moja kwa watoto wake, ukawakusanya uwanjani kwa spika kubwa, umemnyang'anya darasa mchana kweupe. Utakapoondoka utamwachia watoto wanaomwona yeye ni duni kuliko wageni wenye fulana.

Kumpata si vigumu. Kanisa Anglikana lina Dayosisi ya Western Tanganyika yenye makao yake Kasulu mjini, Wakatoliki wana Jimbo la Kigoma, na madhehebu mengine mengi yana viongozi wa eneo wanaowafahamu wachungaji wa kambini kwa majina na kwa namba za simu. Anzia kwao. Ukishaunganishwa na mchungaji, msalimie vizuri, jieleze, kisha mwombe kwa heshima uzungumze na walimu wa watoto wenyewe, ikiwezekana akina mama peke yao, maana mbele ya mchungaji wengi wao watanyamaza na kumwachia baba aseme. Wala usimwulize mwalimu anahitaji nini. Atakujibu kwa adabu kwamba chochote Mungu atakachowajalia ni baraka. Mwulize darasa lilikuwaje Jumapili iliyopita. Hapo ndipo utasikia kwamba watoto walikaa vumbini, kwamba chaki ziliisha tangu mwezi juzi, kwamba wa miaka minne na wa miaka kumi na minne wanafundishwa pamoja kwa sababu mwalimu ni mmoja, na kwamba mvua ilipoanza kila mtu alikimbilia kwao. Orodha yako ya mahitaji umeshaipata, na haina pipi ndani yake.

Ukiniuliza mimi, mchango wenye maana kuliko yote ni semina ya walimu. Wakusanye walimu wa ekodimu wa makanisa mbalimbali kwa siku chache, waletee mtu anayejua kweli kufundisha watoto, si mhubiri maarufu, wapewe mihtasari ya masomo ya mwaka mzima na vifaa vya kuanzia. Kila mmoja wao atarudi kwenye darasa lake, na darasa hilo litakuwapo Jumapili ijayo na Jumapili ya baada yake. Semina haina picha nzuri, hilo nakubali. Watu wazima ishirini wameketi kwenye mabenchi hawamvutii mfadhili kama umati wa watoto walioinua mikono.

Kuhusu kibali, nitasema machache kwa sababu hakina mjadala. Chini ya Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 kambi zinasimamiwa na Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi kupitia Idara ya Huduma kwa Wakimbizi, na mtu wa nje haingii bila idhini. Omba mapema, peleka majina kamili, vitambulisho, tarehe na barua ya kanisa linalokupokea. Andika ukweli wa unachokwenda kufanya. Wapo wanaoandika kwamba wanapeleka misaada ilhali wanakwenda kuhubiri, wakidhani wamekuwa werevu. Anayekuja kulipia ujanja huo ni mchungaji mkimbizi aliyewaalika. Panga pia kulala nje ya kambi, Kasulu au jirani. Kuanzia Novemba hadi Aprili barabara za udongo huko zinaweza kukulaza njiani, kwa hiyo usiahidi saa ya kufika.

Sasa watoto wenyewe. Zaidi ya nusu ya wakazi wa kambi ni watoto, na kosa la wageni wengi ni kudhani wote wamekimbia vita. Hesabu kidogo: mtoto aliyezaliwa Nyarugusu ilipofunguliwa leo anakaribia miaka thelathini, ana watoto wake, na hao wako ekodimu. Mtoto kama huyo hajawahi kusikia mlio wa bunduki. Hajawahi pia kuona mji. Mkimbizi haruhusiwi kutoka kambini bila kibali, kwa hiyo anachokijua ni njia nyekundu zenye vumbi, bomba la maji, shule, kanisa na siku ya mgao. Ukisimama mbele yake ukaanza kumlilia kwa ajili ya vita vya babu yake, atakutazama tu. Mzigo wake yeye ni kungoja: kungoja chakula, kungoja majibu, kungoja kuwa mtu mzima mahali ambapo watu wazima hawana kazi.

Karibu yake wapo wengine ambao kweli walikimbia. Mwaka 2015, baada ya Rais Pierre Nkurunziza wa Burundi kutangaza kuwania muhula wa tatu, makumi ya maelfu ya Warundi walikimbilia kijiji kidogo cha Kagunga ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Kipindupindu kikawakuta hapo. Meli ya MV Liemba iliwasomba kuwapeleka Kigoma, wakapokelewa katika uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika, kisha wakapelekwa Nyarugusu, hadi kambi ikafurika na ikabidi kambi ya Nduta ifunguliwe tena mwaka huo huo. Waliokuwa wachanga kwenye meli ile sasa ni watoto wakubwa. Na kutoka Kongo familia mpya zimeendelea kuja, maana vita vya Kivu havijaisha. Mwalimu atakuambia ni yupi kafika juzi na ni yupi kazaliwa hapo. Usimwulize mtoto mwenyewe.

Lugha nayo ina mitego. Watoto wa Kikongo huongea Kiswahili, na shuleni husoma kwa mtaala wa Kongo, yaani kwa Kifaransa. Warundi husoma mtaala wa kwao, na wadogo wengi Kiswahili chao ni cha kuokota njiani. Mgeni kutoka Dar es Salaam akianza kutema maneno ya mjini kwa kasi, nusu ya darasa imepotea. Sema polepole, sentensi fupi, na kwa Warundi mwache mwalimu wao afundishe kwa Kirundi wewe ukae pembeni. Kiswahili cha Kivu usikicheke wala usikisahihishe. Mtoto akisikia wageni wanacheka anavyosema, siku hiyo hatasema tena, na huenda hata wimbo hataimba.

Uliza siku ya mgao ni lini, na usipange chochote siku hiyo wala kesho yake. Watoto ndio wanaobeba, ndio wanaolinda foleni, ndio wanaobaki na wadogo zao. Mgao wenyewe umekuwa ukipunguzwa kila Shirika la Mpango wa Chakula Duniani linapokosa fedha. Mwaka 2023 ulishuka hadi nusu ya kiwango kilichokusudiwa. Maana yake kwako ni kwamba mtoto aliyeketi mbele yako saa sita mchana huenda hajala. Fundisha asubuhi, fundisha kwa muda mfupi, na achana na mahubiri ya kufunga na kuomba. Nimesikia mtu akiwaambia watoto kwamba wenye imani hawakosi chakula. Ukimwambia hivyo mtoto ambaye nyumbani wanapika mara moja kwa siku, utakuwa umemwambia kwamba mama yake hana imani.

Hapa nitakaa kidogo, maana uteuzi wa hadithi ndio moyo wa kazi yenyewe, na ndipo walimu wengi wa mjini hupita haraka. Masomo mengi ya shule ya Jumapili tunayoyatumia yameandikwa kwa watoto wenye kitanda, mbwa na sherehe ya kuzaliwa. Ukiyapeleka kambini jinsi yalivyo, hayashiki. Lakini Biblia yenyewe imejaa wakimbizi, na mtoto wa kambini huisoma akiona vitu ambavyo wewe huvioni.

Chukua habari za Yusufu. Kwetu tunamaliza na kanzu ya rangi na ndoto, tukifika sana tunafika gerezani. Kambini, sehemu inayowasha macho ya watoto ni ile ya ghala. Nchi ina njaa, watu wametoka mbali na magunia matupu, wamepanga mstari mbele ya mkubwa anayesema lugha ya kigeni kwa kupitia mkalimani, naye anawahoji: mmetoka wapi, baba yenu yu hai, mna ndugu mwingine? Mtoto aliyewahi kusimama na mama yake mbele ya dawati la usajili anayajua maswali hayo neno kwa neno. Anajua pia hofu ya kukosea jibu. Kisha anagundua kwamba yule anayegawa nafaka naye aliletwa nchi ile kwa nguvu akiwa mdogo, na kwamba analia akijificha. Waache watoto waigize. Kila mmoja atataka kuwa Yusufu, bila shaka, lakini watakaokufundisha kitu ni wale wanaoigiza foleni.

Ruthu anafaa, hasa kwa wasichana wakubwa: njaa, safari, mjane na mkwewe, kuokota masazo shambani kwa watu. Ile barua ya Yeremia kwa waliohamishwa Babeli, inayowataka wajenge na wapande bustani huko huko walipo, huwagusa watoto waliozaliwa kambini kuliko habari za kutoka Misri, kwa kuwa haiwaahidi safari ya kesho. Habari za Yesu mtoto kupelekwa Misri, kwenye Mathayo sura ya pili, kila mgeni huzipenda, na ni sawa. Ila jiandae. Mtoto atauliza kama Yesu alirudi kwao, na jibu ni kwamba alirudi. Swali linalofuata ni lile analolibeba yeye mwenyewe, na hapo usithubutu kuahidi. Mwambie hujui. Na kwa wadogo, acha kando mauaji ya Herode. Wamo waliokwisha kuyaona.

Tahadhari nyingine haitajwi katika kitabu chochote cha mafunzo nilichokisoma. Hadithi za vita, Daudi na Goliathi, Yoshua na Yeriko, hutaka adui. Katika darasa la watoto wa Kivu Kusini, ambako makabila yamepigana na yanaendelea kupigana, adui wa kwenye hadithi hupata sura na kabila kabla hujamaliza kusimulia. Ukiwaambia watoto wawapigie kelele Wafilisti, wapo watakaomgeukia mwenzao. Mwulize mwalimu nani ameketi na nani, kisha chagua. Ukiwa na shaka, simulia Msamaria Mwema, ukijua kwamba hapo pia unakanyaga penye kidonda, ila unakanyaga kwa kuponya.

Tuje kwenye zawadi. Pipi zikirushwa katikati ya umati wa watoto, wakubwa huokota na wadogo hukanyagwa. Hilo halihitaji ushahidi wangu. Lakini hata zikigawiwa kwa mstari zina gharama yake. Jumapili inayofuata watoto humwuliza mwalimu pipi ziko wapi, na wasipoziona wanahamia kanisa la jirani lililotembelewa na wageni wengine. Nguo nazo: ukileta magauni sitini kwa watoto mia mbili umeleta ugomvi wa nyumba kwa nyumba. Toa kitu cha darasa zima. Mikeka ya kukalia, ubao, chaki, madaftari, ngoma, mpira mzuri na pampu yake, turubai la mvua, Biblia za Kiswahili na za Kirundi. Nunua Kasulu au soko la Makere, kijiji cha jirani, fedha ibaki kwa wenyeji ambao nao ni maskini na wamewavumilia wakimbizi kwa karibu miaka thelathini. Vikabidhi kwa walimu mbele ya wazee wa kanisa, viandikwe kwenye daftari, basi.

Na mpira uwe mpira. Namaanisha kwamba mtoto aruhusiwe kucheza bila kusikiliza mahubiri kwanza. Wamo Waislamu kambini, Wakongo kwa Warundi, na wamo watoto wa madhehebu mengine ambao wazazi wao hawataki waende kwenu. Watakuja wote wakiona mpira. Kumfungia mtoto mchezo, uji au daftari hadi atakapokaa kusikiliza Injili ni kumnunua, na mzazi wake akijua ana haki ya kukasirika. Mashirika ya misaada yalikubaliana tangu 1994, katika kanuni za maadili zilizoandaliwa na Msalaba Mwekundu na wenzao, kwamba msaada usitumiwe kuendeleza msimamo wa kidini. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989 nao unamtambulia mtoto uhuru wa dini pamoja na haki ya wazazi ya kumwongoza. Mimi ni Mkristo na sioni kama kanuni hizi zinatufunga mikono. Zinatutaka tuhubiri waziwazi, kwa waliokuja kusikiliza, wazazi wao wakijua. Mwalimu apite nyumba kwa nyumba kuomba ruhusa siku chache kabla. Anazijua nyumba zote.

Neno kuhusu wito wa kuokoka. Ukiwauliza watoto mia tatu nani anampenda Yesu, mikono mia tatu itapanda, na ukiwauliza nani anataka soda mikono ile ile itapanda kwa kasi ile ile. Kuhesabu mikono hiyo na kuiandika kwenye ripoti kwamba watoto mia tatu wameokoka ni kudanganya waliochanga. Wengi wao wameshabatizwa, au wako kwenye mafundisho, au wameinua mkono kwa wageni waliotangulia. Mtoto anayetaka kweli kumfuata Kristo atamtafuta mwalimu wake baadaye, kwa wakati wake. Mwachie mwalimu.

Kuhusu usalama wa watoto sitapamba maneno. Mwaka 2002 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi na Save the Children walitoa taarifa ya yaliyokuwa yakitendeka katika kambi za Guinea, Liberia na Sierra Leone: wasichana walikuwa wakidaiwa miili yao ili wapewe chakula na misaada, na miongoni mwa waliodai walikuwamo watu wa mashirika ya kutetea wakimbizi wenyewe. Mahali penye njaa na mwenye kugawa, hatari hiyo ipo, na kuvaa msalaba shingoni hakuiondoi. Kwa hiyo: mtu mzima asikae na mtoto peke yake mahali pasipoonekana. Hakuna kumchukua mtoto chumbani kumwombea. Hakuna kubadilishana namba na wasichana, hakuna zawadi ya siri, hakuna kumtuma mtoto dukani jioni. Kila anayesafiri nawe asaini hayo kabla ya kupanda basi, na anayenuna abaki.

Picha je? Piga mikeka, piga jengo, piga walimu wakikubali. Nyuso za watoto ziache. Familia nyingine zilikimbia watu mahususi, na watu hao wana simu. Tena kuna heshima tu ya kawaida: hungependa mwanao apigwe picha akiwa na kamasi na nguo iliyochanika ili watu wa mbali wamhurumie.

Mtoto akikuambia kwamba anafanyiwa ubaya, msikilize, usimhoji, usimwahidi kuficha siri. Mwambie mwalimu unayemwamini, na siku hiyo hiyo habari ifike kwa maafisa wa ulinzi wa mtoto walioko kambini au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Namba ya bure ya huduma kwa mtoto, 116, inafanya kazi nchini kote. Kinachoharibu mambo ni ule utamaduni wetu wa kanisani wa kuyamaliza kichungaji: mhalifu anaombewa, familia zinapatanishwa, mtoto anaambiwa asamehe. Hapana. Maombi yaje, lakini baada ya taarifa.

Usimwite mtoto yatima kwa kuwa anaishi na shangazi. Wengi walitengana na wazazi njiani, na Msalaba Mwekundu hufanya kazi ya kuwatafuta ndugu na kuwaunganisha. Na usifikirie hata siku moja kumchukua mtoto ukamlee mjini, hata kama bibi yake anakusihi. Mwaka 2007 watu wa shirika moja la Ufaransa walikamatwa Chad wakitaka kuwasafirisha kwa ndege watoto 103 waliodai ni yatima wa Darfur. Wengi walikuwa na wazazi, na hata hawakutoka Darfur. Mwaka 2010, baada ya tetemeko la Haiti, Wabaptisti 10 kutoka Marekani walizuiwa mpakani na watoto 33 wasio na karatasi. Baadaye ikaonekana kwamba watoto hao nao wana wazazi, waliowatoa kwa kuahidiwa shule. Wabaptisti wale hawakuwa wezi wa watoto kwa nia. Walikuwa watu wa kanisa wenye haraka.

Utawaona watoto wanaoshtuka mlango ukigongwa, wanaokojoa wakiwa wakubwa, wanaokaa kimya saa nzima. Mtoto wa namna hiyo anahitaji utaratibu: mwalimu yule yule, wimbo ule ule wa kuanzia, mahali pake pale pale mkekani. Usimsimamishe mbele atoe ushuhuda wa aliyoyaona ili wageni walie. Na usimkemee pepo. Katika baadhi ya makanisa, Kongo hasa, mtoto anayeota ndoto mbaya au aliyefiwa na wazazi wote wawili huweza kuitwa mchawi, akafungishwa, akapigwa kwa jina la maombi. Wageni wenye karama ya kelele wakija na kuthibitisha tuhuma hiyo mbele ya umati, wanaondoka kesho yake; mtoto anabaki na jina hilo. Anayeanguka kifafa apelekwe zahanati. Kifafa kina dawa. Anayesumbuka rohoni mwalimu amweleze mhudumu wa ushauri nasaha, kisha amwombee kwa sauti ya chini, akiwa na mlezi wake.

Mwisho ni suala la watoto kuondoka, maana darasa la kambini halitulii. Tangu Septemba 2017 Warundi wamekuwa wakirejeshwa kwao kwa misafara ya mabasi, zaidi ya laki moja wameshaondoka, na kambi ya Mtendeli ilifungwa mwaka 2021. Wakongo wengi nao walihamishiwa Marekani, hadi Januari 2025 serikali ya huko iliposimamisha upokeaji wa wakimbizi na familia zilizokuwa zimekwisha kuaga majirani zikabaki zimekaa juu ya mabegi. Ukiulizwa kama unaweza kusaidia hiyo kesi ya Marekani, na utaulizwa, sema wazi kwamba huwezi. Kuguna na kusema utajaribu ni kuwafanya wangoje jambo lingine tena.

Lakini lipo unaloweza. Mtoto anayeondoka huondoka na mkoba mmoja, na habari zake za kanisani hupotea: alibatizwa lini, alifika wapi katika mafundisho, nani alikuwa msimamizi wake. Walipie makanisa ya kambini daftari imara la kumbukumbu na fomu za vyeti vya ubatizo, nakala mbili kwa kila mtoto, moja ya familia na moja ya kanisa, pamoja na mifuko ya plastiki ya kuzihifadhia na mvua. Waulize viongozi wako kama dhehebu lenu lina parokia au usharika Makamba, Rutana na Ruyigi, maeneo ya Burundi yanayopakana na Kigoma (yalikuwa mikoa hadi 2025), na uwape walimu namba za simu za huko, ili msafara unapotangazwa mwalimu aweze kupiga na kusema nani anakuja. Gharama yake yote haifiki bei ya zile fulana.